Mbwa jike katolewa kizazi, maumivu yake unayamudu vipi nyumbani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Dar, nyumbani tuna mbwa wa ulinzi, na mpaka sasa nimeshapeleka majike wanne kutolewa kizazi. Wa kwanza alikuwa Tausi. Nilimrudisha nyumbani na sindano ya antibayotiki tu, nikaambiwa basi kamaliza huyo, na usiku kucha akasimama bandani kajikunja mgongo, kila akitaka kulala anashuka nusu halafu anarudi juu, na kwa vile halii mimi nikajisemea kweli huyu mbwa jasiri. Asubuhi nikampigia daktari mwingine kumwelezea, hata sijamaliza akanambia huyo anateseka, mlete sasa hivi. Alipochomwa dawa ya maumivu haikupita saa moja na nusu akalala kama mtoto. Kile kitu hakijanitoka mpaka leo. Tangu hapo kila mtu mtaani akitaka kupeleka jike lake ananipitia kwanza, maswali ni yale yale, ndo haya nimeyaweka hapa. Mimi si daktari, nimejua kwa kuwauliza madaktari wa mifugo sana na kwa kukesha na mbwa.

Kwani hiyo opresheni inauma kweli? Mbona mbwa wetu wa kienyeji wagumu tu?

Inauma. Kumtoa jike kizazi si kama kumhasi dume, dume anakatwa nje, jike anafunguliwa tumbo kabisa, ngozi na ukuta wa tumbo, halafu daktari anavuta mayai yake juu mpaka ule mshipi unaoyashikilia karibu na figo uachie, anafunga mishipa ya damu, anakata mayai na mfuko wa uzazi, anashona tabaka kwa tabaka. Ule mvuto wa ndani ndo watu hawaufikirii, wanaangalia kidonda cha nje cha sentimita chache wanasema mbona kadogo.

Na hili la ugumu, jamani. Mbwa wa kienyeji ana neva zile zile za mbwa wa kizungu. Tofauti ni kwamba amekulia mahali ambapo ukionyesha udhaifu wenzako wanakuvamia, kwa hiyo anaficha. Kunyamaza kwake msikuchukulie kama hana maumivu.

Niulize nini kabla hajakatwa?

Hapa ndo pa muhimu kuliko pote na watu wanapapita haraka. Maumivu yanazuiwa kabla, ukisubiri mpaka yawake ndo utafute dawa, utahitaji dawa nyingi na zitafanya kazi kidogo. Kwa hiyo siku ya kupanga opresheni muulize daktari: mbali na nusu kaputi, unampa nini ya maumivu kabla ya kukata? Na akirudi nyumbani anaondoka na dawa gani, ya siku ngapi?

Kwenye kliniki nyingi za huku mbwa analazwa kwa ksailazini na ketamini. Ni dawa zinazojulikana na zina sehemu yake kwenye kupunguza maumivu, lakini ile nguvu ya ksailazini dhidi ya maumivu haifiki mbali, mbwa anaweza bado anayumba na usingizi huku maumivu yameshaanza. Morfini na ndugu zake kliniki nyingi hawana. Sasa usikate tamaa hapo, maana kuna kitu rahisi na kinapatikana kila mahali: ganzi. Lignokeini, ile ile ya kung'olea jino, daktari anaichoma kwenye mstari atakaokata na anaweza kuinyunyizia kule ndani kwenye mishipi ya mayai. Akiwa na bupivakeini ni bora zaidi, hiyo inakaa masaa kadhaa. Ukiongeza na sindano ya meloksikamu, dawa ya kushusha maumivu na uvimbe, tayari mbwa wako amekingwa pande tatu. Chama cha madaktari wa wanyama wadogo duniani, WSAVA, kilitoa mwongozo wa maumivu mwaka 2014 na kuuhuisha 2022, na umeweka kabisa njia za kufuata mahali ambapo dawa za kundi la morfini hazipo. Kwa hiyo daktari akikwambia huku kwetu haiwezekani, inawezekana.

Jambo lingine, kama mbwa wako ana kupe wengi mwambie daktari ampime damu kwanza. Kuna ugonjwa wa kupe, elikiosisi, unashusha chembe za kugandisha damu, mbwa anaonekana mzima kabisa halafu akikatwa damu haikatiki, na dawa za maumivu kama meloksikamu zinaweza kumwongezea balaa.

Kachomwa penstrep, si inatosha?

Haitoshi, na hili ndo kosa nililolifanya mimi kwa Tausi. Penstrep ni antibayotiki, inapambana na vijidudu, maumivu haiyagusi hata kidogo. OTC (oksitetrasaiklini) vilevile, nayo ni antibayotiki. Ukiambiwa "kachomwa sindano" uliza jina na uliza ni ya nini, uandike kwenye simu na saa aliyochomwa, maana utaihitaji.

Sasa nitajuaje ana maumivu na yeye halii?

Mwangalie mwili. Kule Scotland Chuo Kikuu cha Glasgow walitengeneza kipimo cha maumivu ya mbwa ambacho madaktari wengi wanakitumia, mbwa anapewa alama mpaka 24 na akifika 6 anahitaji kuongezewa dawa. Huhitaji karatasi yao nyumbani ila vitu wanavyoviangalia ndo hivi hivi na wewe uviangalie: sauti, anavyokishughulikia kidonda, anavyotembea, anavyofanya ukimgusa karibu na kidonda, hali yake kwa ujumla, na mkao.

Mkao kwangu mimi ndo unasema ukweli. Mbwa mwenye tumbo linalouma anajikunja mgongo, au anainama mbele matako juu kama anasujudu, au anakaa hataki kulala kabisa. Anahema haraka bila joto. Anatetemeka. Anageuka geuka kuangalia tumbo. Anajificha nyuma ya tangi, yeye ambaye siku zote yuko getini. Mbwa mpole ananguruma ukimsogelea. Macho yanakuwa madogo, masikio yamelala nyuma.

Na mkia usikudanganye. Wengi wanatikisa mkia ukiwaita hata wakiwa na maumivu makali, anafurahi kukuona basi. Mwite halafu umuangalie anavyoinuka na anavyorudi kulala, hapo ndo utaona.

Gusa taratibu, sentimita 5 hivi kutoka kwenye kidonda, bonyeza kidogo. Akikugeukia kuangalia tu ni kawaida, akiruka, akilia au akitaka kukuuma, hiyo ni dalili.

Usiku wa kwanza analia sana na kuyumba, ni maumivu?

Inaweza kuwa maumivu, inaweza kuwa nusu kaputi inamtoka, hasa ketamini. Mbwa anayetokwa na ketamini analia kama yuko mbali, macho wazi lakini hakuoni, anarusha miguu, ukimbembeleza habadiliki. Hiyo inaisha yenyewe ndani ya masaa machache, muweke mahali pa giza na kimya, chini, asiwe juu ya kochi akaanguka. Mwenye maumivu yeye ukimgusa karibu na tumbo kilio kinabadilika, na ukimtuliza kwa sauti anakusikiliza kidogo halafu anarudia. Kama masaa yamepita, amezinduka vizuri na bado analia, mpigie daktari usiku huo huo. Usione haya, ndo kazi yake.

Mpe joto pia. Nusu kaputi inashusha joto la mwili, na mbwa anayetetemeka kwa baridi misuli ya tumbo inakaza, kidonda kinamuuma zaidi. Dar unaweza kudhani baridi haipo ila sakafu ya saruji usiku ni baridi, tandika gunia au blanketi kuukuu, feni isimpulize. Wa Arusha na Njombe mwezi wa saba mlaze ndani.

Dawa gani hasa anapewa nyumbani, na siku ngapi?

Mara nyingi meloksikamu ya maji ya mbwa au kaprofeni ya vidonge, siku 3 mpaka 5. Maumivu makali ni yale masaa 24 ya kwanza, siku ya pili na ya tatu yanaendelea kushuka. Mbwa mkubwa kiumri, mnene, au aliyetolewa kizazi kwa sababu kimejaa usaha, huyo atahitaji muda zaidi na uangalizi zaidi.

Cha kuzingatia: kama alichomwa meloksikamu kliniki, dozi ya kwanza ya nyumbani inaanza kesho yake, masaa 24 baadaye, sio jioni ile ile. Ndo maana nikasema andika saa. Mpe akiwa amekula. Na pima kwa sirinji, hizi dozi za kukisia kwa kijiko cha chai ndo zinazoua mbwa wadogo.

Nina Panadol ndani, au Brufen, au diklofenaki. Nimpe nusu?

Hapana. Naomba hili ulisome mara mbili.

Brufen na diklofenaki zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na kwake haihitaji nyingi. Mwili wa mbwa unachelewa kuzitoa kuliko wetu, zinazunguka zunguka humo zinachubua. Aspirini inaongeza kutoka damu, kwa mbwa aliyetoka kukatwa leo hiyo ni hatari ya moja kwa moja. Panadol kuna madaktari wanaitumia kwa mbwa kwa kipimo chao, ila ikizidi kidogo tu inaharibu ini na damu, kwa hiyo usijipimie. Na kama una paka ndani, Panadol usimpe kabisa, hata kipande, inamuua.

"Lakini meloksikamu ya binadamu si ndo ile ile?" Dawa ni ile ile, nguvu siyo. Kidonge cha duka la dawa kina miligramu 7.5 au 15. Mbwa wa kilo 10 kipimo cha kawaida ni kama miligramu 2 siku ya kwanza na 1 siku zinazofuata. Sasa ukimpa kidonge kimoja cha 7.5 umempa cha zaidi ya siku saba kwa mkupuo. Kukikata vipande saba sawa kwa kisu cha jikoni huwezi, usijidanganye. Tena sirapu za binadamu zisizo na sukari baadhi zina ksailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu, inashusha sukari ya damu mpaka anaanguka.

Kama kliniki haikukupa dawa na usiku umeingia, piga simu ufunguliwe au utafute daktari mwingine. Usiku mmoja wa usumbufu ni nafuu kuliko wiki ya kutapika damu.

Na tramadoli je? Zilibaki za babu.

Kwanza dawa ya mtu ni ya mtu. Pili, miili ya mbwa haiibadilishi tramadoli kuwa ile kemikali yenye nguvu kama ya kwetu inavyofanya, kwa hiyo ikimezwa peke yake kwa maumivu ya opresheni haina msaada wa kutegemea, anasinzia tu wewe unadhani kapona. Gabapentini daktari anaweza kuongeza juu ya dawa nyingine, hiyo mwachie yeye aamue.

Hiyo dawa aliyoandikiwa nayo ina madhara?

Inayo. Acha kumpa na upige simu ukiona anatapika zaidi ya mara moja, anaharisha, kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, hataki kula kabisa. Mbwa aliyekaukiwa maji asipewe, wala mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye mimba au anayenyonyesha bila daktari kujua.

Na kubwa kuliko yote: isikutane na steroidi. Predinisoloni, deksamethazoni. Nalisema hili kwa sababu huku deksa inachomwa ovyo, mbwa ana mwasho, deksa, mbwa kavimba, deksa. Kama mbwa wako alichomwa deksa wiki hii kwa sababu yoyote ile mwambie daktari wa opresheni kabla hajampa meloksikamu, zikikutana tumbo linaweza kutoboka.

Barafu inasaidia?

Sana, siku 2 au 3 za mwanzo. Zile barafu za vifuko wanazouza watoto mtaani zinafaa kabisa, chukua ile isiyo na rangi wala sukari, izungushie kitambaa safi kikavu, weka pembeni ya kidonda dakika 10 mpaka 15, mara 3 kwa siku. Usiweke barafu juu ya ngozi moja kwa moja na kidonda kisilowe. Wengine hawataki, akikataa usimlazimishe, kukurukakara itamuumiza kuliko barafu itakavyomsaidia. Mimi huwa nampa aliyezoeleka naye zaidi amshikie. Kwetu ni mlinzi, mzee Mmakonde, mbwa wote wanamsikiliza yeye kuliko mimi mwenye nyumba.

Kidonda nipake nini? Majirani wanasema majivu, manjano, GV, mafuta ya taa…

Usipake kitu ambacho daktari hakukwambia. Mshono safi uliokauka unataka kuachwa. Majivu ni uchafu, mafuta ya taa yanaunguza na akilamba ni sumu, spiriti inachoma mbwa anaruka nyuzi zinaachia. Manjano weka kwenye nyama ya chakula. GV, ile dawa ya zambarau, inaficha wekundu, kidonda kikianza kuoza hutaona kitu zaidi ya zambarau.

Kazi yako ni kuangalia mara mbili kwa siku na kufukuza inzi. Inzi kwa joto letu akitaga kwenye kidonda kilicholowa ndani ya siku moja una funza pale. Alale mahali pakavu pasipo vumbi, ukiweza ndani ya chandarua kikuukuu. Asiogeshwe mpaka nyuzi zitoke, siku 10 mpaka 14.

Kuna mtu kanambia moshi wa bangi unamtuliza.

Bangi ni sumu kwa mbwa. Anayumba, anajikojolea, anapoteza fahamu, na wewe hutajua tena kipi ni bangi na kipi ni damu inayovuja ndani. Pombe vilevile. Hapana.

Anakula nini?

Jioni ile mpe kidogo, nusu au robo ya kawaida, akishazinduka vizuri na anameza maji bila kukohoa. Uji mwepesi na mchuzi wa dagaa wasio na chumvi, wali laini na kuku asiye na mifupa. Vitunguu usiweke. Usiku wa kwanza akisusa kula si ajabu, ila masaa 24 yakipita hajagusa kitu, mara nyingi ni maumivu hayajadhibitiwa, na asipokula, dawa ya maumivu nayo inachubua tumbo tupu, kwa hiyo piga simu.

Huyu ni mbwa wa ulinzi, usiku lazima nimfungue. Nifanyeje?

Usimfungue. Najua wezi wapo na najua jike wako ndo mkali kuliko dume, lakini mbwa akimrukia mtu ukutani na nyuzi za siku tatu, ukuta wa tumbo unaachia na matumbo yanatoka nje, nimeliona kwa jirani na sitaki ulione. Siku 10 mpaka 14 anakaa bandani au kwenye stoo, anatolewa kwa kamba kujisaidia, dakika chache, anarudi. Hakuna ngazi, hakuna kuruka kwenye pikapu. Asichangamane na madume, kama alikaribia kuingia kwenye joto la kutaka dume, au alikuwa ameshaingia, harufu bado ipo na watampanda.

Ugumu unakuja siku ya nne, anachangamka, wewe unafurahi unasema kapona. Maumivu yamepungua ila nyama za ndani bado hazijashikana. Usimuongezee dawa ili "apone haraka", wala usimwache akimbie kwa sababu dawa imemfanya ajione mzima.

Na siku ya kumrudisha kodi bajaji, bodaboda hapana, mlaze kwenye blanketi ubavu, watu wawili mshike kama machela. Usimbebe kwa kumpitishia mkono chini ya tumbo.

Kola ya shingoni inamkera, nimvue?

Usimvue, akilamba masaa mawili mshono umekwisha. Kama huna ya dukani, kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, kingo uzungushie kitambaa. Au fulana ya mtoto, miguu ya mbele kwenye mikono, fundo mgongoni, ila ikilowa ubadilishe. Na akilamba bila kuchoka uliza pia maumivu, wengine wanalamba kwa sababu panauma.

Lini nisisubiri hata dakika?

Ufizi umekuwa mweupe badala ya pinki. Tumbo linavimba na kukaza. Kalegea haamki, au anaanguka akisimama. Damu inadondoka bila kukata. Kidonda kimefunguka unaona kitu ndani, hapo funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya uvuguvugu, usikirudishe ndani kwa mkono, beba nenda. Hizi nyingi zinatokea masaa 24 ya kwanza, kwa hiyo panga opresheni siku ambayo kesho yake uko nyumbani. Ijumaa ni nzuri kama Jumamosi hufanyi kazi na kliniki yako inafunguliwa.

Usaha, harufu, wekundu unaotanuka, au joto la mwili kupita 39.5, hiyo ni siku hiyo hiyo. Kijivimbe kidogo kigumu chini ya mshono bila maumivu mara nyingi ni uzi wa ndani unayeyuka, mpige picha mtumie daktari WhatsApp, na kesho yake umpige tena pembe ile ile aone kama kimeongezeka.